Dawa Niliyoigandisha

Sakina mwanangu,

Umelala chumba cha pili chini ya blanketi mbili, na nje jua la saa tisa linakausha ndagala mchangani. Nimetoka kukugusa kipaji cha uso sasa hivi. Unachemka. Meno yanagongana usingizini, na mimi baba yako nilisimama mlangoni nikamshukuru Mungu kwa homa hiyo. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini mzazi mwenye akili zake anaweza kufurahia homa ya mtoto, na huenda ukakaa siku kadhaa hutaki kuniita baba. Nitavumilia, ni haki yako.

Kesho asubuhi, watu wakiruhusiwa kutembea, lori la mawese litakuchukua mpaka Nyanza-Lac. Kutoka hapo mpakani, kisha Kigoma, kisha treni hadi Dar es Salaam kwa shangazi yako Mwanaidi, mwenye friji isiyotegemea jenereta la mtu, na ambaye amekwisha kukutafutia daktari. Mambo ya njiani sitayaandika. Namna ya kufunga termosi, namna ya kujichoma sindano pajani, karatasi ipi umwonyeshe nani, yote tumeyarudia mpaka jana ukaniambia, "Baba, sasa hata usingizini nabeba termosi." Hayo yamekwisha. Hapa naandika yale niliyoshindwa kuyasema kwa mdomo miezi miwili mizima, huku nikila nawe sahani moja.

Naogopa, Sakina. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu hujawahi kulisikia kwangu. Naogopa lori. Naogopa zile kona ambako mlima unashuka mpaka barabarani na magari hupunguza mwendo. Naogopa askari atakayefungua begi, aone sindano, ajiulize binti wa miaka kumi na tisa anampelekea nani dawa porini. Naogopa ukifika ng'ambo ya mpaka watakuona mkimbizi kama wakimbizi wengine, wakupandishe gari la kambini, na kambini hakuna mtu mwenye barafu. Lakini hofu hizo nagawana na wazazi wote wa ufuko huu. Ukipita sokoni leo, nusu ya akina mama wanaouza mawese wana mtoto aliyeko njiani. Hofu ninayotaka kukueleza ni yangu peke yangu. Niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii inayoandika.

Nianze na mama yako, maana yote yanatokea kwake.

Ulikuwa na miaka tisa Hadija alipofariki. Unakumbuka sauti yake, unakumbuka alivyokuwa akikusuka huku akikugombeza. Macho yake ya mwisho hukuyaona, kwa sababu nilikupeleka kwa jirani usiyaone. Alianza kuchoka mwezi wa Ramadhani. Nikasema ni saumu. Baada ya Idi akaendelea kuchoka, nikasema ni hesabu za umri. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini na tano! Tumbo likaanza kujaa, wanawake wakawa wananong'ona kwamba ni mapacha, na mimi mpumbavu nikatembea mtaani kifua mbele. Macho yalipogeuka manjano ndipo nikashtuka, na hata hapo sikwenda hospitali. Nilikwenda Bugarama kwa mtu wa mizizi, nikarudi na chupa. Chupa ikaisha, nikafuata nyingine. Nilipomfikisha hospitali hatimaye, daktari alimbonyeza tumbo, akaniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili chepesi: "Ulikuwa wapi?"

Ndiyo maana asubuhi ile ulipogeuka na jua likakupiga usoni, ukiwa bombani na ndoo yako, mimi niliona kabla hujajiona. Weupe wa macho ulikuwa umeharibika. Ulikuwa unacheka na mwenzako jambo fulani. Jambo moja najipa haki nalo: safari hii sikungoja. Wiki ile ile tulipanda basi la Bujumbura nyuma ya magari ya askari, wewe dirishani, mimi nikihesabu vilima.

Daktari tuliyempata alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alipima damu, akaniita peke yangu. Akasema ni virusi vya ini, vimekaa mwilini mwako muda mrefu, labda tangu kuzaliwa, labda vilipitia kwa mama yako, hakuna ajuaye kwa hakika. Akasema sasa hivi vimeamka, na tusipofanya kitu vitakula ini kama vilivyokula la Hadija. Hakulijua jina la Hadija. Alisema "la mama yake." Kisha akataja dawa ambayo sikuwahi kuisikia. Interferoni.

Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mtu wa barafu, maana shule yangu ilikuwa madrasa na kongelateri, ile friji ya kugandishia barafu ninayowauzia wavuvi. Akacheka kidogo. Akasema, "Muzee, hii dawa haiue virusi yenyewe. Virusi ikiingia mu mwili, ile chembe ya kwanza inapiga induru. Zingine za pembeni zinasikia, zinafunga milango. Ile induru ndiyo interferoni. Mwili ya mutoto imechoka kupiga induru. Sisi tutapiga kwa ajili yake, mara tatu kwa wiki, miezi sita."

Nilielewa hapo hapo. Hapa Rumonge nani asiyejua induru? Mwaka ule waasi waliposhuka kutoka mlimani, yule mama wa nyumba ya kona alipiga dumu tupu kwa mwiko huku akipaza sauti, na mtaa mzima tukawahi matete ya ziwani. Asingepiga kelele, tungekutwa vitandani. Kwa hiyo daktari aliponieleza kwamba utapata homa, viungo vitauma, utatetemeka, na kwamba hayo ni mwili umesikia, niliyaweka kichwani vizuri. Ningeweka na mengine vizuri hivyo, nisingekuwa naandika barua hii.

Dawa yenyewe haikuwepo nchini. Alimwandikia mwenzake aliyesoma naye Ulaya, na vile vichupa vikaja ndani ya mkoba wa abiria, kila mara vya mwezi mmoja. Alinikabidhi termosi na maneno machache: iwe baridi, isiwe moto, isigande. Nikamwambia, daktari, kwa habari ya baridi usinifundishe. Nakumbuka nilivyosema. Nilikuwa hata nimeweka mkono kiunoni.

Jirani yetu Consolate, muuguzi wa zahanati, akakubali kukuchoma sindano. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mchana akitoka kazini. Siku ya kwanza hukumaliza hata saa tatu baada ya sindano, kitanda kikawa kinatikisika. Nilikimbia kwake bila kandambili. Alikuwa anachambua mchele. "Amahoro, Baba Sakina. Homa iko?" Nikamwambia iko, mtoto anakufa. Hakuinua hata macho. "Basi iko sawa. Ingekosa homa siku ya kwanza, hapo mimi ningeogopa." Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Maneno yale ya Consolate yalikuja kunitesa baadaye kuliko risasi yoyote niliyoisikia.

Mwezi wa pili nilikwenda kuchukua vichupa vingine. Wakati wa kurudi, pale Muhuta, walitushusha bariyerini, kwenye kizuizi cha askari. Askari mmoja akafungua mfuko wangu, akakuta sindano kumi na mbili mpya. Akanivuta pembeni. "Wewe muzee, hizi sindano iko za nani?" Nilijua jibu la kweli lingenimaliza. Ningesema za binti yangu, angeuliza binti yuko wapi, karatasi ziko wapi, kwa nini dawa haina jina analolijua. Kule mlimani kulikuwa na majeruhi wa waasi, na aliyekamatwa na dawa alihesabiwa ni mtu wao. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Za mimi mwenyewe, shefu. Niko na ugonjwa wa sukari." Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Hata papa yangu iko na sukari. Pita." Nilipanda basi, nikajipongeza. Njia nzima nilijipongeza, Sakina. Nilikuwa nimegundua kwamba nikikaza uso, uongo unapita. Pale barabarani uliniokoa, sijutii. Ubaya ni kwamba niliuleta mpaka nyumbani.

Kabla sijafika huko, kuna jingine dogo ambalo kwangu si dogo. Ule mwezi wa pili wewe ulibadilika. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Ulikuwa unakaa na kuangalia ukuta, chakula kinapoa mbele yako. Siku moja uliniambia, "Baba, sioni faida ya kuamka." Na mimi nilikufokea. Nilisema watu wanakufa barabarani wakitafuta kuishi na wewe unadeka. Nikamwita maalim akusomee, nikidhani ni shetani, naye masikini alisoma mpaka koo likamkauka. Consolate ndiye aliyeniambia kwamba dawa hii inaweza kumwingiza mtu gizani, kwamba daktari aliandika hivyo kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa juu ya kabati langu nikiitumia kufunikia sukari. Nilikuomba radhi? Sikuomba. Nilikununulia kitenge. Nakuomba radhi sasa. Giza hilo likikujia huko Dar, usidhani ni wewe. Mwambie shangazi yako kwa sauti, hata kama anapika, hata kama ana wageni. Na asipokuelewa, mwambie tena. Mimi ulikuwa unaniambia, na nilikuwa sitaki kusikia.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimesimama mara mbili kwenda kukuangalia kabla ya kuandika mstari huu. Bado umelala.

Unazikumbuka zile siku tatu tulizokimbilia matete. Risasi zilianza juu ya mashamba ya michikichi asubuhi, watu wakaanza kuteremka na magodoro. Ulikuwa unanipigia kelele mlangoni, "Baba, twende!" na mimi nilikuwa kwenye banda la barafu. Ulidhani nazima jenereta. Nilikuwa na vichupa kumi na viwili vya mwezi wa tatu, vilifika siku mbili kabla. Nikafikiri: jenereta litakosa mafuta, friji itakuwa joto, dawa itaharibika. Kuondoka na termosi sikutaka, kwa sababu barafu yake ingeisha kabla ya jioni, na huko matete hakuna nyingine. Nikafanya kile ninachokijua kuliko mtu yeyote wa ufuko huu. Nilitandika vibonge vya barafu kwenye sanduku, nikaweka vichupa katikati, nikafunika kwa vibonge vingine, nikajaza pumba za mchele pande zote, na mwisho nikamwaga chumvi. Chumvi, Sakina. Kama tunavyofanya kwa sangala wa kwenda mbali, ili baridi iume zaidi na samaki afike mgumu kama ubao.

Nilikuwa nimemsikia daktari aliposema isigande. Nilimsikia kabisa. Lakini mikono yangu ina miaka ishirini ya kugandisha, na kwa mikono hiyo kitu kilichoganda ni kitu kilichookoka. Sikuwaza dawa. Niliwaza samaki.

Siku ya nne tuliporudi, nyumba ilikuwa imevunjwa, redio haipo, sufuria hazipo. Sanduku la barafu halikuguswa. Nililifungua nikaona barafu bado ipo, na kwa dakika moja nilijiona mwanamume wa haja. Nikataka kukuita uje uone. Kisha nikachomoa kichupa cha kwanza. Ndani kulikuwa kweupe, kumekauka kama jiwe. Cha pili vile vile. Vyote kumi na viwili. Kimoja kilikuwa kimepasuka ubavuni.

Nilikaa chini kwenye pumba. Nilijua. Usiseme baba hakujua, nilijua wakati ule ule. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa, simu haifanyi kazi, vichupa vingine havikuwepo. Nikavishika kiganjani kimoja kimoja mpaka vikayeyuka, nikavifuta kwa shati langu, nikavirudisha kwenye termosi na barafu kidogo kama inavyotakiwa. Dawa ilionekana safi tu, maji ya kawaida. Kile kilichopasuka nilikifukia nyuma ya choo.

Consolate akaja mchana na sindano. Akauliza, "Baba Sakina, dawa ilibaki sawa? Haikupata joto?"

Nikasema, "Haikupata joto." Ilikuwa kweli, unaona nilivyokuwa mjanja. Akaniangalia kidogo, akauliza tena, "Iko sawa?" Nikakaza uso ule ule wa Muhuta. "Iko sawa. Kimoja tu kilianguka kikavunjika."

Akakuchoma. Mara kumi na moja alikuchoma ile dawa, na mara kumi na moja nilikuwa nimesimama pale nikikushika mkono.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijiambia kwamba nikisema, Consolate atasimamisha sindano na wewe utakata tamaa, nawe ulikuwa umetoka gizani juzi tu. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini kama naandika ili niseme, basi niseme: niliona aibu. Mji mzima unaniita mtu wa barafu. Wavuvi wanalala na kuamka mlangoni kwangu. Na dawa ya mwanangu nimeiharibu kwa barafu, si kwa joto, si kwa vita, si kwa majambazi. Ningeweza kumwambia Consolate siku ile, pale pale, na labda angejua mtu wa kumtuma kwa njia ya ziwa. Nilichagua uso wangu.

Na wewe ukapona homa. Ndicho kitu kilichonichinja taratibu. Sindano ya kwanza ya mwezi ule, hukutetemeka. Ya pili, ulikwenda kuchota maji. Ya tatu ukaniimbia ukifua. "Baba, mwili umezoea!" Ulinirushia povu la sabuni. Ulikula ukabeti kwamba utanenepa kuliko shangazi. Tulichoma mukeke, samaki wetu wa ziwani, siku ile, na ulinipa kichwa kwa sababu unajua nakipenda, na mimi nilitafuna kile kichwa nikisikia sauti ya Consolate: ingekosa homa, hapo ningeogopa. Kila sindano nilikuwa nakugusa kipaji cha uso ukidhani nakubembeleza. Nilikuwa natafuta moto. Kulikuwa baridi. Mwezi mzima mtaa wako wa ndani ulikuwa haujasikia induru yoyote, milango iko wazi, na mimi ndiye niliyemziba mdomo mpigaji.

Vichupa vya mwezi wa nne vilikuja na dereva wa mawese, katikati ya madumu, kwenye termosi, bila chumvi ya mtu. Sindano ya kwanza tu ukaanguka kitandani. Ulilia, unakumbuka? Si kwa maumivu. Ulisema, "Mbona nimerudi nyuma? Nilikuwa nimepona." Nikakuambia ni mabadiliko ya hewa. Ziwa lilikuwa limetulia, mbingu safi, na mimi nazungumza habari za hewa.

Leo, alipomaliza kukuchoma ile ya mwisho ya hapa kwetu, Consolate alitandaza kadi yako ya sindano mezani, kando ya termosi yenye vichupa vya mwezi wa tano, aihakiki kwa ajili ya safari. Miezi minne, mistari yote imejaa isipokuwa mmoja, mwandiko wake mzuri. Akasema, "Murakoze, asante Mungu, mutoto amefika hapa. Huko daktari ataona kadi, atahesabu, atajua imebaki miezi miwili." Nikaitazama ile kadi, Sakina, nikaona daktari wa Dar anaisoma. Anahesabu. Anasimamisha dawa mapema akidhani imetosha. Au anapima damu, anakuta virusi bado vina nguvu, anasema dawa hii haimfai binti huyu, aache. Na wewe unarudi kwa shangazi yako bila dawa, na macho yako yanaanza. Nilimwona Hadija mezani pale.

Nikamwambia Consolate. Wewe ulikuwa umekwisha kupanda kitandani. Nilimwambia yote, pumba, chumvi, kichupa nyuma ya choo. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa aproni. Nikamuuliza, mtoto atakuwaje? Akasema, "Mimi sijui. Labda wataongeza miezi. Labda ule mwezi virusi ilipata nafasi. Labda hapana. Daktari akijua, anaweza kufanya kitu. Asipojua, hawezi." Kisha akachukua kalamu nyekundu. Nikadhani atakata ile mistari. Akanipa mimi. "Futa wewe."

Nikakata. Mistari kumi na moja, mmoja mmoja. Pembeni nikaandika kwa Kiswahili, na Consolate akatafsiri kwa Kifaransa chini yake: dawa iliganda kabla ya kuchomwa. Nilipomrudishia kalamu nikamwomba akueleze wewe, maana ni mtu wa hospitali, anajua maneno. Akakataa. Akasema, "Uliniambia iko sawa mara mbili. Yeye ulimwambia mara ngapi?" Akachukua mfuko wake akaenda. Hakuaga.

Basi ndiyo hivyo. Huko daktari akikuuliza imekuwaje, usiseme vita. Wote tutapenda kusema vita, kwa sababu vita haina uso na haijitetei. Usiseme umeme. Sema baba yangu aliigandisha, akajua, akanyamaza. Mwambie aanze kuhesabu na miezi mitatu, siyo minne. Akisema uongeze, ongeza, hata kama umechoka, hata kama nywele zinaisha; kitana kitanunuliwa kingine na nywele zitaota. Akisema kwamba tumechelewa, niandikie hivyo hivyo alivyosema. Usinipambie. Nimekufundisha vibaya katika hilo na sasa nakuomba usinifuate.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya mfuko wa nguo, chini kabisa, uikute Kigoma, mpaka ukiwa kati yetu. Niliona ni busara, mtoto asafiri na moyo mwepesi. Nimeikunja mara mbili kwa ajili hiyo, alama za mikunjo utaziona. Halafu nimejiuliza hiyo busara nimeitoa wapi, na ni ile ile ya kukifukia kichupa nyuma ya choo. Njiani utakuwa na hasira, sawa, uwe nayo. Lakini ukikutana na askari, na mpaka, na watu wa kambi, uwe unajua unabeba nini na kwa nini huwezi kukiacha kipotee.

Nasikia kitanda. Umeamka, unauliza kama kuna maji.

Nakuja na maji, na kadi, na barua hii. Nitakaa kwenye kile kiti mpaka umalize kuisoma. Ukitaka kunifukuza chumbani, nitatoka. Ukitaka kuondoka kesho bila kunipa mkono, nitakubebea begi mpaka kwenye lori na sitasema neno. Lakini sindano ya kesho kutwa, Sakina, usiiruke kwa kunikasirikia. Na homa ikija, huko uliko, bila mimi wa kukugusa kipaji cha uso, iache ikutetemeshe.

Baba yako